Kakamega, Kila Kilima na Msimulizi Wake

Sisi watu wa pwani tulilijua jina la Mumia kabla mji wa Nairobi haujakuwepo. Misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Mombasa na Pangani, ikishavuka nchi ya Wamasai, ilitua Kwa Sundu, kwenye boma la mfalme wa Wawanga, watu wapumzike na wapate chakula kabla ya kushika njia ya Buganda. Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland, alifika huko mwaka 1883. Umasaini alikuwa amesaidiwa kupita na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani. Wakati huo mfalme Shiundu alikuwa amekwisha kufariki na mwanawe Mumia ndiye aliyekikalia kiti, lakini wapagazi waliendelea kupaita mahali hapo kwa jina la marehemu. Wapwani wengine hawakurudi tena baharini. Walioa huko, wakajenga misikiti, na hadi leo adhana husikika Mumias katikati ya mashamba ya miwa.

Historia hiyo nilikuwa nimeisoma vitabuni. John Osogo aliiandika mwaka 1966, na Gideon Were akatoa kitabu chake mwaka uliofuata, baada ya kuzunguka vijijini akiwahoji wazee wa kila ukoo. Karibu miaka 60 imepita tangu hapo, na wazee wale hawapo tena. Nilitaka kujua ni nani anayesimulia sasa, na anamsimulia nani. Ndipo nikafunga safari ya Kakamega.

Kutoka Kisumu, matatu hupanda mlima wa Riat, ikapita Kiboswa, Majengo, Mbale na Chavakali. Nyumba zimesongamana pande zote mbili za barabara, hujui kijiji kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,867,579 katika Kaunti ya Kakamega, ya nne kwa wingi wa watu nchini Kenya. Mgeni huwaita wote Waluhya na kuridhika. Wenyewe watakuambia upesi kwamba huyu ni Mwisukha, yule Mwidakho, yule wa Batsotso, wa Kabras, wa Marama, wa Kisa au Mwanga, na kwamba kila mmoja ana njia aliyojia, vita alivyopigana na wimbo anaozikiwa nao.

Niliteremka Ilesi, kilomita chache kabla ya kufika mjini, kwa sababu ya jiwe. Wenyeji huliita Ikhongo Murwi, na wasafiri wengi hulijua kama Jiwe Linalolia. Ni nguzo ya mwamba ya takriban mita 40 yenye kichwa juu yake, na maji hutiririka kutoka kichwani mpaka miguuni na kuacha michirizi myeusi usoni. Kijana aliyenipandisha ni mmoja wa vijana wa hapo wanaopokezana zamu ya kuongoza wageni, na kila anacholipwa sehemu yake huingia kwenye sanduku la kikundi. Alinisimulia habari za msichana aliyempenda mwanamume asiyetakiwa na babaye, akageuka jiwe akiwa bado analia. Nilipoteremka, mama mmoja aliyekuwa akipanga vyungu kando ya barabara aliniuliza nimesikia kisa gani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa.

"Hicho ni cha wageni, mwanangu. Bibi yangu alilitazama jiwe ili ajue mvua. Likilia sana, shamba litajaa."

Sikutaka kumchagua mkweli kati yao. Nilichopenda ni kwamba wote wawili walikisimamia kisa chao kwa nguvu, na kila mmoja alinitajia aliyemsimulia.

Ilesi ni kijiji cha wafinyanzi. Kina mama huleta udongo kutoka bondeni, wakauponda, wakaukanda, wakauinua kwa mikono mitupu bila gurudumu, kisha wakauchoma nje kwa nyasi na kuni. Vilikuwepo vyungu vya maji, vya mboga, vya busaa, na siku hizi vyungu vya maua kwa ajili ya nyumba za mjini. Wako katika chama, wanachanga kila wiki, na anayefikiwa na zamu hununua mabati au hulipa karo. Mama yule alinionyesha mikato aliyoichora shingoni mwa chungu akaniambia ni ya mama mkwe wake, kwamba kila nyumba ina alama yake na mtu wa hapo huijua kazi ya nani kwa kuitazama tu. Hakuna aliyeziweka alama hizo kitabuni. Nilinunua chungu kidogo na kumwomba anitajie jina la mwenye mchoro ule. Alilitaja kwa furaha, na jina la mama yake mkwe huyo pia.

Safari hasa ilikuwa Shinyalu. Nilifika Jumamosi kabla hakujapambazuka, kwa maana mafahali wa Waisukha na Waidakho hupigana asubuhi na mapema. Kwanza nilisikia ngoma. Zilitoka mbali, upande wa pili wa bonde, zikisogea, na kila zilipopita mji wa mtu, watu zaidi walitoka wakajiunga. Fahali alikuwa katikati ya umati, amepakwa matope kichwani, na mbele yake wanaume walikimbia kinyumenyume wakimwimbia sifa zake na za baba yake. Msomaji asiyewahi kuona asifikirie ya Hispania. Hapa hakuna mtu anayemchoma mnyama. Mafahali wawili huachwa wenyewe uwanjani, wakapambana kichwa kwa kichwa, na anayegeuka kukimbia ndiye aliyeshindwa. Baadhi ya mapambano huisha upesi hata hujapata pa kusimama.

Baada ya uwanja kupungua watu nilikaa na mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya, ambaye amefuga mafahali tangu ujana wake. Nilimuuliza alizaliwa lini. Akanijibu kwa jina la fahali. Halafu akaendelea kuwataja mmoja baada ya mwingine: aliyekuwa bingwa nchi ilipopata uhuru, aliyekufa mwaka wa njaa kubwa, aliyeuzwa ili mtoto aende sekondari, na aliyeletwa juu ya kaburi la kaka yake, kwa kuwa mzee aliyefuga fahali wa vita huagwa na mafahali wenzake wakiingizwa uani kwa ngoma. Kumbukumbu ya miaka 70 na zaidi ilikuwa imefungwa kwenye majina ya ng'ombe, na vijana waliotuzunguka walimsahihisha alipokosea mpangilio. Wao pia wanayajua majina hayo. Hilo lilinipa moyo kuliko makumbusho mengi niliyoingia, kwa sababu huko hakuna anayemsahihisha mtu.

Ngoma zenyewe ni isukuti. Huja tatu pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, na wapigaji niliokutana nao waliziita baba, mama na mtoto. Huambatana na pembe ya paa na vyuma vya kutikisa. Mwimbaji mmoja huongoza, wanaume na wanawake hujipanga safu mbalimbali, na mabega huchezeshwa kwa kasi ambayo mgeni hachoki kuitazama. Isukuti huchezwa mtoto anapozaliwa, wavulana wanapotoka jandoni, kwenye harusi, kwenye matanga, hata kwenye mikutano ya siasa. Mashabiki wa AFC Leopards, klabu iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, huipiga jukwaani Nairobi timu yao inapocheza. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza isukuti ya Isukha na Idakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, orodha ileile ambayo tangu mwaka 2009 ina mila za kaya zetu za Mijikenda. Wakaguzi walieleza kwamba wajuzi wengi ni wazee wasio na warithi, kwamba vifaa vya kutengenezea ala ni adimu, na kwamba watunzi wengi wamehamia miziki inayolipa.

Kikundi nilichokaa nacho jioni ile kilinionyesha jinsi mambo hayo matatu yanavyoshikana. Ngoma huchongwa kwenye gogo na kuwambwa ngozi ya kenge. Kenge analindwa na sheria ya wanyamapori, msitu nao una walinzi, na si haki kulalamikia lolote kati ya hayo mawili. Kwa hiyo ngoma ya zamani hutunzwa kwa uangalifu mkubwa. Waliyonipa niishike ilikuwa imepasuka ubavuni na kushonwa kwa waya, na hakuna aliyetaka kuibadilisha, kwa vile aliyeichonga ni mwasisi wa kikundi. Wana daftari. Mweka hazina, mwanamke wa makamo anayefundisha shule ya msingi, huandika humo michango, faini za wanaochelewa mazoezini, na kuanzia miaka michache iliyopita, nyimbo. Kila wimbo una aliyeutunga, msiba au harusi ulikoimbiwa kwanza, na koo zilizotajwa ndani yake.

"Kwa nini koo?" nilimuuliza.

"Kwa sababu mwimbaji hamlilii mtu mmoja, mwalimu. Anaita ukoo wake mpaka alikotoka. Ukiukosea ukoo, wenye msiba wanakuzima ngoma."

Aliniita mwalimu kwa sababu ya kalamu yangu. Nimefikiri sana juu ya jibu lake. Wimbo wa matanga wa Isukha ni nasaba inayokaguliwa hadharani na watu mamia wanaoijua, na mwimbaji asiyeijua hafiki mbali. Shule nazo hufundisha isukuti kwa ajili ya tamasha la taifa la muziki, mashindano yaliyoanza mwaka 1927, na watoto huipiga vizuri mno. Lakini jukwaani wimbo hupewa dakika chache na maneno hulainishwa ili mwamuzi wa kutoka kaunti nyingine aelewe, kwa hiyo majina ya koo ndiyo huwa ya kwanza kuondolewa. Naona mwalimu yule ameliona pengo hilo, maana watoto wanaoshinda tamashani huwaalika kwenye mazoezi ya kikundi ili wapewe wimbo wote.

Kutoka Shinyalu barabara ya udongo huingia msituni Isecheno. Haya ndiyo mabaki ya upande wa Kenya ya msitu mkubwa wa mvua uliofungamana zamani na ule wa Kongo. Serikali ya kikoloni iliutangaza msitu wa hifadhi mwaka 1933, na sehemu ya kaskazini, Buyangu, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Miaka ya 1990 vijana wa vijiji vinavyozunguka Isecheno walianzisha mradi wa elimu ya mazingira unaojulikana kwa kifupi kama KEEP. Wana kitalu cha miche, wanafuga vipepeo, wanapokea shule, na waongozaji wao wanajua ndege zaidi ya 300 wa msitu huo kwa sauti. Karibu yao kuna Muliru, kikundi cha wakulima kinachokuza mmea uitwao mwonyi na kuukamua mafuta ya kutengenezea dawa ya kuchua. Kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2010. Wengi huwaona hawa kuwa watu wa mazingira tu. Mimi niliona kazi ya historia, kwa kuwa mwongozaji wangu hakuutaja mti wowote bila kusema ulitumika nyumba gani, kwa ugonjwa gani, na nani alikatazwa kuukata.

Alinipandisha kilima cha Lirhanda tuone msitu wote. Ubavuni mwa kilima kuna pango lililochimbwa na watafuta dhahabu, siku hizi makao ya popo. Tulisimama mlangoni, naye akanieleza kwa ufupi sana. Nilitamani aeleze kwa urefu, kwa sababu hilo ndilo tukio lililoitikisa Kakamega kuliko yote ya karne iliyopita. Mwaka 1930 sheria ya ardhi ya wenyeji iliwaahidi Waafrika kwamba maeneo yao yatakuwa yao milele. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana. Wazungu wakamiminika kwa mamia, mashamba yakachimbwa, na mwaka 1932 serikali ikaibadilisha sheria ileile ili ardhi iweze kuchukuliwa bila mwenyewe kupewa nyingine. Hasira ya hapo ndiyo iliyochochea siasa za chama cha North Kavirondo Central Association katika miaka iliyofuata. Rosterman, mgodi mkubwa nje kidogo ya mji, ulifungwa mwaka 1952, na wachimbaji wadogo bado wanateremka kwenye mashimo ya eneo hilo kwa kamba na tochi. Nilipita Rosterman. Sikukuta kikundi kinachohifadhi habari za waliofukuzwa mashambani, wala wimbo niliotajiwa, wala ubao. Isukuti ina wenyewe, mafahali wana wenyewe, msitu una wenyewe. Dhahabu ilichukua ardhi ya watu, na habari zake zimebaki katika majalada ya serikali. Kwa maoni yangu hapo ndipo kazi inapotakiwa zaidi, wakati wajukuu wa waliochimbiwa mashamba bado wapo.

Kisha nikaelekea magharibi, nikapita Shianda, miwa kulia na kushoto, mpaka Mumias na kuendelea Matungu. Hapo ndipo kilipo Kituo cha Utamaduni cha Nabongo, karibu na makaburi ya kifalme. Kuna mikuki, ngao, vigoda, vyungu, na mwongozaji mwenye adabu nyingi alinieleza juu ya ngozi ya chui na bangili ya shaba, alama za mamlaka ya Nabongo, yaani mfalme wa Wawanga. Mumia alitawala tangu mwaka 1882 hadi alipofariki mwaka 1949. Aliwapokea wapwani, akawapokea Waingereza, na boma lake likawa makao ya serikali hadi mwaka 1920 yalipohamishiwa Kakamega. Askofu James Hannington alipita hapo Oktoba 1885 akienda Busoga, alikouawa mwezi huohuo. Mwongozaji alisimulia haya yote kama mtu anayezungumzia babu yake, na alikuwa na haki, kwa kuwa ni wa ukoo huo. Aliposikia ninatoka Mombasa alicheka akaniamkia upya. "Karibu tena," alisema. "Wenzako walitangulia."

Lakini niliyoyasikia Isukha yalikuwa bado masikioni. Mwaka 1909 Waingereza walimfanya Mumia chifu mkuu, na ndugu na watu wake wakapelekwa kutawala watu ambao hawakuwa wa ufalme wake. Mulama, ndugu yake wa baba, aliwekwa juu ya Marama. Kabla ya hapo, mwaka 1895, wapiganaji wa Wanga waliandamana na majeshi ya Waingereza dhidi ya Wabukusu katika vita vinavyokumbukwa kwa jina la Chetambe. Yule mzee wa mafahali, nilipomtajia Mumia, alinyamaza kidogo kisha akasema kwamba kwao jina hilo lilikuja na kodi. Nikamweleza mwongozaji wa Matungu maneno hayo, bila kumtaja mtu. Hakukasirika. Alisema wageni kutoka Bungoma, kwa Wabukusu, nao humuuliza vivyo hivyo, na kwamba siku hizi kikundi chao hualika wazee wa pande nyingine wanapokuwa na sherehe, wakae meza moja, kila mmoja aseme ya kwao.

Hiyo kwangu ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizoziona. Ni rahisi kikundi cha kijiji kuhifadhi sifa za kijiji chake. Kumpa kiti jirani anayekumbuka tofauti ni ujasiri. Historia ya Kakamega ikikusanywa na mtu mmoja, kwa sauti moja, atakayemezwa ni Mwisukha au Mwanga au wa Marama, kutegemea mkusanyaji ametoka wapi. Ikiachwa mikononi mwa vikundi hivi, kila kimoja na daftari lake, itakuwa na mabishano, na mabishano hayo ndiyo kweli yenyewe ya mahali hapo.

Njia ya kuvisaidia ipo. Katiba ya mwaka 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na shughuli za utamaduni zimekabidhiwa kaunti. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inazipa kaunti wajibu wa kuweka rejista ya maarifa hayo, pamoja na jamii inayoyamiliki. Daftari la mwalimu wa Shinyalu linastahili kuingia humo, kadhalika mikato ya vyungu vya Ilesi na nasaba za mafahali, tena kwa majina ya watu.

Nawe msomaji, ukienda Kakamega, nenda Jumamosi alfajiri. Wapigaji ngoma wanaishi kwa jembe, kwa hiyo walipe kabla hawajaomba. Nunua chungu Ilesi na uulize mchoro ni wa nani. Na kama wewe ni mzaliwa wa huko unayeishi Nairobi, Mombasa au ng'ambo, Desemba utakaporudi nyumbani washa simu yako urekodi wazee wako wakitaja ukoo, useme mwanzoni ni nani anayezungumza, wapi na tarehe ngapi, kisha umwachie mweka hazina wa kikundi cha kijiji nakala yake.